Hesabu Pumzi kwa Dakika Moja Kamili

Mazungumzo kwa wanafunzi wa uuguzi, na kwa wazazi wenye watoto wadogo

(Muziki wa kipindi, kisha ushuke polepole.)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nitazungumza hasa na wadogo zangu walio katika vyuo vya uuguzi, wale ambao wameanza kuvaa sare na kutumwa wadini na kwenye zahanati kujifunza kazi. Lakini mzazi, usizime redio. Haya tutakayosema yanamhusu mtoto wako moja kwa moja, na ukiyajua utaweza kumwuliza muuguzi swali la maana siku utakapofika kliniki.

Somo letu ni uchunguzi wa mgonjwa. Ni somo pana, kwa hiyo leo nimechagua sehemu moja tu: kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Ni kazi isiyohitaji mashine wala umeme. Inahitaji saa, macho yako na dakika moja. Hata hivyo, katika vipimo vyote tunavyoandika kwenye chati, hiki ndicho kinachorukwa zaidi.

UCHUNGUZI NI NINI?

Ndugu mwanafunzi, darasani umefundishwa kwamba kazi ya muuguzi ina hatua tano. Kwanza unamchunguza mgonjwa. Pili unatambua tatizo lake. Tatu unapanga utakavyomsaidia. Nne unafanya ulichopanga. Tano unaangalia kama amepata nafuu, na kama hakupata unaanza tena. Hatua hizo nne za mwisho zote zimesimama juu ya ile ya kwanza. Ukikosea kuchunguza, utapanga vizuri sana matibabu ya ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Katika uchunguzi tunakusanya habari za aina mbili. Kuna zile anazotuambia mgonjwa au mama yake: kikohozi kilianza lini, ananyonya vipi, ametapika mara ngapi. Na kuna zile tunazoziona na kuzipima sisi wenyewe: joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi, uzito. Usichague aina moja ukaacha nyingine. Mama anaweza kusema mtoto ana homa kidogo, nawe ukimfunua nguo ukaona kifua kinahangaika. Na kipimajoto kinaweza kuonyesha hakuna homa, huku mama anakuambia, "Sista, huyu si mtoto wangu ninayemjua." Maneno hayo ya mama ni habari. Yasikilize.

KWA NINI PUMZI?

Mtoto mdogo hawezi kusema kifua kinamuuma. Mwili wake ndio husema kwa niaba yake. Mapafu yakiingiwa na nimonia, ugonjwa ambao wengi wetu huuita homa ya mapafu au kichomi, vile vifuko vidogo vya hewa hujaa maji na usaha. Hewa safi haipiti vizuri kuingia katika damu. Mwili unatafuta njia ya kufidia upungufu huo, na njia ya kwanza ni kupumua haraka. Ndiyo sababu pumzi huongezeka mapema, mara nyingi kabla midomo haijabadilika rangi na kabla mtoto hajalegea. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Pumzi za haraka ndizo mawingu ya nimonia.

Na mvua yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka wa 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano duniani. Hiyo ni asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Hapa Kenya tumepiga hatua. Chanjo dhidi ya vidudu vya Hib ilianza kutolewa mwaka wa 2001, na ile ya nyumokokasi mwaka wa 2011, na zote mbili hukinga watoto wengi. Lakini chanjo haizuii kila aina ya nimonia. Mtoto aliyechanjwa naye huhesabiwa pumzi.

NAMNA YA KUHESABU

Tuseme ni asubuhi, foleni imefika mlangoni, na mama ameingia na mtoto wa kike wa miezi 8 akiwa amemfunga kwa shuka. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, msalimie mama na umkaribishe akae. Mwache mtoto mapajani mwake. Usimchukue, usimvue nguo zote, usimguse kwa mkono wenye baridi. Mtoto akianza kulia umepoteza hesabu, kwa sababu kilio hubadilisha pumzi. Kanuni ni hii: macho kwanza, mikono baadaye. Kipimajoto na utepe wa kupima mkono vitafuata mwishoni.

Pili, mweleze mama unachotaka kufanya. Sema, "Mama, nataka nihesabu anavyopumua. Tafadhali mpandishie nguo kidogo nione kifua na tumbo, halafu tunyamaze dakika moja." Akina mama wengi hufurahi kuelezwa. Kama mtoto ananyonya, subiri amalize au atulie, kisha ndipo uhesabu. Kama amelala, usimwamshe bado.

Tatu, tafuta mahali pamoja pa kutazama, pale kifua kinapokutana na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Shika saa yako karibu na kifua cha mtoto ili usigeuze kichwa huku na huku. Saa yenye mshale wa sekunde inatosha. Simu nayo ina saa ya kuhesabu sekunde, nayo yafaa, mradi usisome ujumbe.

Nne, hesabu dakika moja kamili, yaani sekunde 60. Najua utawaona wengine wakihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Usiige. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio kama mtu mzima. Hupumua haraka, akapunguza, akatulia kidogo, akaendelea. Ukihesabu sekunde 15 unaweza kuangukia wakati wa haraka au wakati wa kutulia. Tena, ukikosea pumzi moja na kuzidisha mara nne, umekosea pumzi nne. Pumzi nne zinaweza kumtoa mtoto katika kundi la wagonjwa na kumpeleka nyumbani na dawa ya kikohozi.

NAMBA TATU ZA KUSHIKA

Shika namba tatu: 60, 50, 40.

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka.

Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12: pumzi 50 au zaidi ni za haraka.

Mtoto wa miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni za haraka.

Angalia kwamba umri ukizidi, namba inashuka. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, uliza umri kwa miezi na uhakikishe katika kijitabu cha kliniki. Pumzi 46 kwa mtoto wa miezi 10 hazijafika kiwango cha haraka. Pumzi hizo hizo 46 kwa mtoto wa miezi 14 ni za haraka, na kama ana kikohozi, hiyo ni nimonia mpaka ionekane vingine. Kwa kulinganisha, mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi, hesabu mara ya pili. Pumzi zake zinabadilika sana kwa kawaida. Ikiwa mara ya pili pia ni 60 au zaidi, huyo anahitaji kupelekwa hospitali haraka. Vivyo hivyo mchanga wa umri huo asiyenyonya vizuri, aliyepata degedege, asiyejitikisa mpaka aguswe, mwenye joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwenye baridi chini ya nyuzi 35.5. Kwa mchanga, baridi ni hatari kama homa.

UNAPOHESABU, TAZAMA NA MENGINE

Dakika hiyo moja usiitumie kwa hesabu tu. Ukimaliza kuhesabu, endelea kutazama na kusikiliza.

Je, kifua kinabonyea? Kwa kawaida mtoto akivuta hewa, kifua na tumbo hutoka nje. Kwa mtoto anayehangaika, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, huingia ndani kila anapovuta hewa. Ili tuseme kifua kinabonyea ni lazima kionekane waziwazi na kila pumzi, wala si mara moja moja anapolia. Ukiona hivyo, mwite mkubwa wako hata kama hesabu haikufika kiwango.

Je, kuna sauti? Sauti kali ya mkwaruzo anapovuta hewa, hali ametulia, ni dalili ya hatari. Kuguna kila anapotoa hewa pia ni dalili mbaya. Sauti kama ya mluzi anapotoa hewa huonyesha njia ndogo za hewa zimebana, na matibabu yake ni tofauti.

Je, rangi ikoje? Kwa ngozi zetu nyeusi, usitafute ubuluu kwenye mashavu. Tazama ulimi na ndani ya midomo. Kama kuna kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, kitumie, na ujue kwamba chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji oksijeni mara moja. Lakini kifaa hicho hudanganywa na kidole chenye baridi au kinachotikisika, na imeonekana kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo namba nzuri kidoleni isikufanye umwache mtoto ambaye kifua chake kinakuambia vingine.

Kisha uliza na kutazama dalili nne kubwa za hatari kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Je, anashindwa kunywa au kunyonya? Je, anatapika kila kitu? Je, amepata degedege katika ugonjwa huu? Je, amelegea, haamki vizuri au amezimia? Usikubali jibu la haraka. Mama akisema hanyonyi, mwombe amweke kifuani uone kwa macho yako. Dalili moja tu kati ya hizi yatosha. Huyo hangoji foleni.

NAMBA INAYOSHUKA SI NAFUU SIKU ZOTE

Hapa nataka usikilize vizuri, maana vitabu hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja tu. Mtoto anaweza kupumua mara 68 asubuhi, na saa sita mchana akapumua mara 38. Ukitazama karatasi peke yake utafurahi. Sasa mtazame mtoto. Kama anacheza, ananyonya, anamtafuta mama kwa macho, basi amepata nafuu. Kama amelegea, hajali anapoguswa, na kifua kinanyanyuka kwa shida, huyo amechoka. Misuli ya kupumua imeshindwa kuendelea. Hiyo ni hali ya kukimbia kuita msaada. Namba haisomwi peke yake, husomwa pamoja na mtoto mwenyewe.

MALARIA NA NIMONIA HUWEZA KUJA PAMOJA

Kwa wale mtakaofanya kazi kanda ya ziwa au pwani, ambako malaria ni nyingi, kuna mtego. Mtoto ana homa, amepimwa damu, malaria imeonekana. Kila mtu anapumua, amepewa dawa ya malaria, anakwenda nyumbani. Nani amehesabu pumzi zake? Kipimo cha malaria kikionyesha malaria hakisemi kwamba hana nimonia. Mtoto mmoja anaweza kuwa na zote mbili, na dawa ya malaria haiponyi mapafu. Tena malaria kali yenyewe, na upungufu mkubwa wa damu, huleta kupumua kwa haraka au kwa kina. Kwa hiyo fungua kiganja chake ulinganishe na cha mama. Kikiwa cheupe sana, sema.

SAFU YA PUMZI ISIYO YA KWELI

Nitawaambia nilichokiona, bila kutaja mahali. Nilipokea zamu ya jioni katika wadi ya watoto. Nikachukua chati za vitanda saba. Joto lilikuwa tofauti kwa kila mtoto. Mapigo ya moyo yalikuwa tofauti. Lakini safu ya pumzi ilisema 24, 24, 24, mpaka mwisho. Watoto saba, wengine wa miezi mitatu, wengine wa miaka minne, wote wanapumua sawasawa kama askari wa gwaride.

Nikavuta kiti, nikaanza kuhesabu kitanda kwa kitanda. Kitanda cha tatu alikuwako mtoto wa miezi 6. Nilipata 66, na kifua kinabonyea. Mama yake akaniambia, "Sista, tangu jana hakuna aliyemfunua nguo." Mtoto alianza oksijeni jioni ile na akapona. Lakini fikiria usiku ungepita vipi kama chati ile ingeaminiwa.

Aliyeandika 24 hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi na mikono miwili, na hilo ni tatizo ambalo wakubwa wanapaswa kulitazama. Lakini mwanafunzi, sikia: nafasi iliyo wazi kwenye chati ni heri kuliko namba ya uongo. Nafasi wazi humwambia anayekuja, "Hili halijafanywa, lifanye." Namba ya uongo humwambia, "Mtoto huyu yuko salama, pita." Ukikosa muda, acha wazi na umwambie msimamizi wa zamu. Na kama umelazimika kuchagua, anza na wale wachanga, wale wenye kikohozi, na wale ambao mama zao wana wasiwasi.

KUANDIKA NA KUELEZA

Ukishahesabu, andika papo hapo. Usingoje mwisho wa zamu. Andika saa, namba, na hali ya mtoto. Kwa mfano: "Saa nne na robo asubuhi. Miezi 8. Ametulia mapajani mwa mama. Pumzi 58 kwa dakika kamili. Kifua hakibonyei. Ananyonya. Joto 38.4 kwapani." Mtu yeyote akisoma hayo saa nane mchana anajua kilichobadilika.

Kisha mweleze mkubwa wako kwa ufupi: ni nani, ana nini, umeona nini, unaomba nini. Sema hivi: "Sista, naomba uje chumba cha pili. Kuna mtoto wa miezi 8, ana kikohozi siku tatu. Nimehesabu pumzi dakika nzima, ni 58. Hana dalili ya hatari. Naomba umwone sasa." Hapo hakuna mtu atakayekuambia unasumbua. Ukisema tu, "Sista, kuna mtoto sioni kama yuko sawa," unaweza kuambiwa ungoje. Adabu kwa wakubwa ni nzuri, lakini adabu si kunyamaza.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA MARA NYINGI

"Je, kama mtoto hanyamazi kulia?" Mwache na mama, ahudumie mwingine, urudi baada ya dakika chache. Akikataa kabisa kutulia, tazama dalili nyingine na uandike kwamba alikuwa analia ulipohesabu.

"Homa si huongeza pumzi? Basi nihesabu baada ya kushusha homa?" Ni kweli homa huongeza pumzi. Lakini usingoje. Hesabu sasa, fuata mwongozo kwa namba uliyopata, na urudie kuhesabu baadaye kuona mwenendo.

"Mimi ni mama, niko nyumbani. Nitajuaje?" Mama, mpandishie nguo mtoto akiwa ametulia umtazame. Ukiona anapumua haraka kuliko ulivyomzoea, au kifua kinaingia ndani, au ameacha kunyonya, usinunue dawa ya kikohozi dukani ukangoja. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mhamasishaji wa afya ya jamii aliye karibu nawe anaweza kukusaidia kuhesabu na kukuelekeza. Na ukifika kituoni, una haki ya kuuliza kwa upole, "Sista, pumzi zake ni ngapi?"

YA KUKUMBUKA

Macho kwanza, mikono baadaye.

Mtoto atulie, uhesabu dakika moja kamili.

Shika 60, 50, 40 kulingana na umri.

Dalili moja ya hatari yatosha kuita msaada.

Malaria haiondoi nimonia.

Andika ulichohesabu. Usichohesabu usikiandike.

Mwanafunzi, nakupa zoezi la wiki hii. Hesabu pumzi za watoto kumi wenye afya, kliniki ya chanjo au hata nyumbani kwenu, kwa ruhusa ya mama zao. Andika umri na namba. Ukishajua mtoto mzima anavyopumua, siku utakapokutana na mgonjwa macho yako yatashtuka kabla hujamaliza hesabu, nawe bado utahesabu mpaka mwisho.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mtoto anayeharisha na jinsi ya kujua amepungukiwa maji kiasi gani. Mpaka wakati huo, mimi muuguzi wenu nawatakia afya njema. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi upande.)